Kahawa ya Kaluki

Kaluki alichemsha kahawa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, na kahawa ikakataa kuiva.

Aliongeza maji mara nne. Aliongeza kuni mpaka akamaliza mzigo ambao ungepika chakula cha siku tatu. Kila mara alichota punje moja kwa mwiko, akaiuma, akaitema. Maji yenyewe yalikuwa yamegeuka rangi ya kinamasi, na jikoni kote kulinuka majani yaliyooza. Nje, kwenye kivuli cha nyumba, mama mkwe wake alikuwa ameketi akichambua maharagwe. Kijiji kizima kilimwita Susu, yaani nyanya, na hata wasiokuwa wajukuu wake walimwita hivyo.

"Kaluki, ni nini hiyo unapika tangu asubuhi? Ni isyo?"

Isyo ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, na hakuna nyumba ya Mkamba isiyoipika.

"Ni kahawa, mwaitu," Kaluki alijibu. Mwaitu ni mama, kwa Kikamba.

"Kahawa gani?"

"Si ni hii yetu. Mbuni."

Susu aliweka ungo chini, akaingia jikoni, akafunua sufuria. Alitazama zile mbuni zilizovimba, na maganda yake meusi yakielea juu. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka machozi yakamtoka.

"Umepika kahawa kama isyo! Na maganda yake! Imebaki chumvi tu!"

"Niliweka," alisema Kaluki, na hapo Susu akalazimika kukaa chini.

Wewe unayesoma usimcheke sana. Kinyozi hajinyoi. Katika milima ile ya Kilungu, mwaka huo wa tisini na tatu, kila shamba lilikuwa na miti ya kahawa na hakuna nyumba iliyokuwa na kikombe chake. Tunda lilichumwa likiwa jekundu, likabebwa mgongoni hadi faktri ya chama cha ushirika, likapimwa na karani, likaondoka. Yale yaliyokaukia mtini, ndiyo wanayoita mbuni, nayo yalitakiwa faktri, ingawa bei yake ilikuwa ya kutia aibu. Sheria, walisema wakubwa wa chama, haimruhusu mkulima kukaa na kahawa nyumbani. Na mkulima, baada ya kupeleka yote, alirudi kwake akanywa chai.

Mwaka huo hata chai ilikuwa imeshinda watu. Mvua ilikataa misimu miwili, na ng'ombe wa Kaluki alikufa mwezi wa saba. Majani ya chai yalichemshwa, yakaanikwa, yakachemshwa tena. Jumapili moja mzee wa kanisa, Musyoka, alipita kuwaombea. Akaandaliwa kikombe. Alikitazama akitabasamu, akauliza, "Dada, hii ni chai ama mlinichemshia tu maji?" Hakuwa na ubaya, alikuwa anatania, na Kaluki alicheka naye. Lakini mzee alipoondoka, alikiosha kile kikombe mara mbili, nacho hakikuwa kimeguswa.

Wiki hiyohiyo alishuka Emali kuuza kuku. Kwenye duka moja aliona mkebe wa kahawa, wenye picha ya mlima na mistari ya miti, na mwanamke aliyebeba kiondo mgongoni huku akicheka meno yote nje. Kaluki akauchukua autazame vizuri. Alikuwa hajawahi kucheka akiwa na kiondo cha kahawa, alitaka kumjua huyu aliyeweza. Bei iliyobandikwa ilikuwa sawa na kilo ishirini za mbuni zake.

"Mama, kama hununui usishike," alisema msichana wa dukani.

Aliurudisha. Jibu zuri lilimjia akiwa tayari nusu ya mlima, na hapakuwa na mtu wa kumpa. Kwa hiyo kesho yake alipita chini ya miti yake mwenyewe, akachuma mbuni zilizobaki, akatia kibakuli kimoja sufuriani, akawasha moto.

*

"Kahawa huwa inatwangwa kwanza," alisema Susu alipomaliza kucheka. "Kama muthokoi. Leta kinu, na zile mbuni kavu zilizobaki."

Hapo sasa Kaluki alikuwa nyumbani. Muthokoi, yale mahindi yanayotwangwa mpaka yavue ganda, alianza kuyatwanga akiwa na miaka saba. Aliinua mchi, akautua kwa kipimo, si kwa nguvu, ili ganda litoke na punje isivunjike. Akapepeta. Maganda yakaruka, zikabaki punje ndogo za kijivu. Susu akamletea kikaango cha zamani, wakaweka jiko la makaa mlangoni, na kikongwe akaketi juu ya kigoda kama fundi.

"Koroga. Usiache. Ukiacha inaungua upande mmoja."

"Uliyajua wapi haya, mwaitu?"

"Kitui mjini, kabla ya uhuru. Nililea watoto wa Bi Sauda, yule wa msikitini. Kila alasiri ilikuwa lazima kahawa, na ni mimi nilikuwa naikaanga. Halafu nikaolewa hapa, baba yake huyu Muli wako akapanda hii miti, nikawa nampikia. Miaka miwili tukinywa. Chama kikaja. Siku moja bwana shamba akaingia hapa, akachukua sufuria yangu, akamwaga hapo mlangoni. Akasema mkulima akinywa kahawa ni mwizi."

"Na baba akasema nini?"

"Alisema, 'Ndiyo, bwana.'" Susu alizitazama punje. "Koroga, nimesema."

Punje zikawa za manjano, zikawa kahawia, zikaanza kupasuka. Kisha harufu ikatoka. Mapenzi ni kikohozi, husema watu, hayawezi kufichika. Nami nasema waliosema hivyo hawajawahi kukaanga kahawa. Harufu ile ilijaza uwanja, ikavuka ua, ikashuka bondeni na kupanda ng'ambo ya pili. Mbwa wa jirani alisimama akanusa. Kaluki mwenyewe aliacha kukoroga, Susu akampiga kofi mkononi.

Walitwanga tena, wakachunga kwa kitambaa. Susu akachemsha maji na kipande cha tangawizi, akatia vijiko vitatu vya ule unga mweusi, akaacha vichemke mpaka povu likapanda na kushuka mara tatu. Akaepua. Akanyunyiza maji baridi kidogo kwa vidole ili machicha yazame. Wakangoja.

Kaluki alinywa. Ilikuwa chungu, kisha ikawa kitu kingine ambacho hakukipatia jina. Alipofungua mdomo alikuwa amekasirika, amekasirika kweli, kama mtu aliyegundua kuwa alidanganywa utoto wake wote.

"Hii ndiyo wanakunywa?" alisema. "Hii?"

*

Mumewe, Muli, alikuwa askari wa usiku wa faktri. Kazi yake ilikuwa kulinda kahawa isiibwe. Alikuwa na koti refu la kijani, tochi ya betri nne, na rungu. Mshahara wake haukuwa mkubwa, lakini uliingia kila mwezi, na katika mwaka ule wa ukame ndiyo shilingi ya pekee iliyoingia katika nyumba ile bila kusukumwa. Ndiyo iliyonunua unga.

Siku mbili hakufika nyumbani, alikuwa amemshikia askari wa mchana zamu. Asubuhi ya tatu alipokuwa akirudi kutoka kazini, alisikia harufu akiwa bado kwenye kona ya shule. Alitembea haraka, kisha akakimbia, koti likimpiga magotini.

"Mama Kivuva! Unataka kuniua?"

"Karibu kahawa, Baba Kivuva."

"Sitaki! Mimi ndio nalinda kahawa usiku kucha, halafu inanukia kwangu? Watu watasema nini? Watasema Muli anaiba!"

"Nimeiba kwa nani?"

"Hiyo si maneno ya kuuliza."

"Nauliza. Hii miti ilipandwa na nani?"

"Baba yangu."

"Nani anapalilia, anapogoa, anabeba samadi?"

Muli alivua kofia. "Ni wewe."

"Basi nimeiba kwa nani?"

"Kwa chama!" alisema, na hata yeye alisikia jinsi jibu lile lilivyokosa miguu.

Hakuwa mtu mbaya, Muli. Alikuwa mwoga wa aina ile ya wanaume ambao wamebeba unga wa watu watatu kichwani, wasitake mtu awasukume. Alimsihi mkewe aache. Kaluki alisema hataacha. Akamwamuru, na Kaluki akasema amesikia, kisha alasiri akawasha jiko. Kuanzia siku hiyo wanawake wawili walikaa mlangoni na vikombe vyao, na Muli alikaa ndani akinywa maji ya moto na kusema yanatosha.

*

Karani wa chama, Jonah, alikuja Jumatatu. Alikuwa kijana wa kola safi na kalamu tatu mfukoni, na kitabu chini ya kwapa.

"Mama, tumepata ripoti."

"Ripoti ya nini?"

"Ya harufu."

"Kwani harufu siku hizi inaandikwa?"

Jonah hakucheka. Aliingia jikoni bila kukaribishwa, akainua vifuniko, akachungulia kwenye kinu. Kwenye rafu alipata mkebe wa mafuta ya kupikia, na ndani yake unga mweusi. Akaunusa, akauweka juu ya kitabu chake. Kisha akalegea, akaketi, akanyoosha miguu.

"Hii maneno ni kubwa, mama. Mzee anaweza kuachishwa kazi. Lakini sisi ni watu wa nyumbani. Hata hujaniuliza kama nimekunywa chai."

Kila Mkenya anajua chai ya namna hiyo, na kwamba haichemshwi. Kaluki alijua vizuri sana. Alikunja mikono.

"Chai hakuna," alisema. "Ng'ombe alikufa. Kuna kahawa."

"Mama, unanielewa."

"Nimekuelewa. Nimesema kuna kahawa. Nikumiminie?"

Jonah alisimama, masikio yamemwiva. Aliuchukua mkebe. "Mkutano ni Alhamisi," alisema. "Mwambie mzee avae koti lake vizuri, pengine ni mara ya mwisho."

*

Jumatano Muli alirudi kutoka kwa mwenyekiti wa chama, Kiilu, akiwa na uso mwepesi ambao hakuwa nao kwa wiki nzima. Aliwaita mkewe na mama yake, akawaketisha.

"Kiilu ameongea na mimi kama ndugu. Hataki nipoteze kazi. Kesho atauliza tu swali moja: hiyo kitu ni nini? Na wewe utasema ni dawa. Ni masizi ya dawa ya tumbo, Susu alikutengenezea. Basi. Maneno yataisha hapo."

"Na akijua si dawa?"

"Anajua si dawa! Si ndiyo nakuambia anatusaidia."

"Hatusaidii sisi," alisema Kaluki. "Jana Mama Nzuki alikuja kuniuliza kahawa inatwangwa aje. Leo wengine wawili. Kiilu anaogopa wanawake wakijua hii kitu inanyweka, hakuna mbuni itaenda kwa mzani wake. Anataka niseme mbele ya watu wote kwamba hii si kahawa, ili wasiijaribu."

Muli alimtazama mama yake. Susu alisema, "Mimi ni mzee. Ukitaka niseme ni dawa, nitasema ni dawa."

"Umesikia?" Muli alimgeukia mkewe. Sauti yake ilivunjika, na hakuificha. "Kaluki, sina shamba lingine, sina kazi ingine. Kijana wetu Kivuva, huko Kibwezi, hana kitu ya kututumia. Nakuomba. Ni neno moja tu. Dawa. Sema dawa."

Ilimuuma. Nisikudanganye kwamba mwanamke jasiri haumwi. Alimpenda mtu yule mwenye koti lililomzidi, na alijua gunia la unga pale pembeni lilikuwa limebaki robo. Alitoka nje, akachukua kikaango.

*

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa faktri, karibu na mzani. Wanachama waliketi juu ya magunia matupu, wanaume mbele, wanawake nyuma. Muli alisimama kando ya meza ya kamati, koti limefungwa vifungo vyote katika jua la saa nne. Kaluki aliingia na kikapu, akaketi. Ndani ya kikapu palikuwa na kitu kilichofungwa kwa leso.

Kiilu alikohoa, akainua mkebe juu.

"Kitu hii imepatikana kwa nyumba ya mwanachama. Karani anasema ni kahawa. Sheria inasema mkulima hana ruhusa ya kukaanga wala kusaga. Lakini kamati haiwezi kuhukumu bila ushahidi. Lazima kwanza tujue ni nini."

Mkebe ukapita mezani. Mweka hazina akanusa, akakunja pua. Katibu akautikisa. Mmoja akasema ni makaa, mwingine akasema ni baruti. Kila mmoja alikuwa mtu wa kahawa, kila mmoja alikuwa na kitambulisho cha chama, na hakuna aliyekuwa na uhakika. Ukamrudia mwenyekiti. Kiilu akalowesha kidole, akachovya, akaonja, kisha akatema pembeni.

"Hii ni uchafu," alisema.

Kati ya wanaume, mzee Nzuki, mumewe Mama Nzuki, akaangua kicheko. "Mwenyekiti! Miaka kumi na moja unatuuzia hiyo kitu, na hujui inaonja aje?"

Kicheko kikaenea. Jonah akaruka. "Ni kahawa! Mimi najua harufu yake!"

"Wewe uliinywa wapi?" aliuliza Nzuki. "Kwani si sheria imekataza?"

Jonah akakaa. Kiilu akagonga meza, akageuka kwa upole wa mtu anayefungua mlango.

"Mama Kivuva, simama. Usiogope. Hii ni dawa ya tumbo, sivyo? Sema tu, twende kwa ajenda ingine."

Kaluki alisimama. Hakumtazama mwenyekiti. Alimtazama mumewe, na Muli akamtazama, na midomo ya Muli ikaunda lile neno bila sauti: dawa.

"Ni kahawa," alisema Kaluki.

Kiilu akaweka mkebe mezani.

"Mama, fikiria vizuri."

"Nimefikiria tangu jana. Ni kahawa. Ni yangu. Nimeitoa kwa mti ambao nimepalilia miaka ishirini na mbili, nikaitwanga na kinu yangu, nikaikaanga mlangoni kwangu mchana. Sijaificha. Mwizi hujificha. Na si uchafu, mwenyekiti, ni vile umeila kavu kama kuku. Inachemshwa." Akainama, akafungua leso. Sufuria ilikuwa bado na mvuke. Akafunua kifuniko, na ile harufu ikasimama kati ya watu kama mgeni anayengoja kukaribishwa. "Nimewaletea. Ni yenu pia. Mnywe, halafu mnifunge."

Hakuna aliyesogea. Wanawake waliangalia wanaume, wanaume waliangalia meza.

"Muli," alisema Kiilu, na sasa hapakuwa na undugu katika sauti yake. "Nimejaribu. Umeona mwenyewe. Leta koti. Leta tochi."

Muli alifungua kifungo cha kwanza. Cha pili na cha tatu vilichukua muda, na watu wote walilazimika kungoja. Alivua koti, akalikunja vizuri kama anavyokunja mtu aliyefundishwa, akaliweka mezani. Juu yake akaweka tochi. Rungu akaliegemeza kwenye mzani. Alibaki na shati lililochanika kwapani, mwembamba kuliko walivyomjua.

Kisha akatembea, si kuelekea lango, bali nyuma, kati ya wanawake, mpaka mbele ya mkewe.

"Nimiminie," alisema.

Kaluki alitoa kikombe kikapuni, akamimina. Muli alishika kikombe kwa mikono yote miwili, akapuliza, akanywa huku amesimama mbele ya uwanja mzima. Hakukunja uso. Akanywa tena. Alipogeuka kwa watu wa meza, macho yalikuwa yamejaa machozi na hakuyafuta.

"Miaka tisa nalinda hii kitu," alisema. "Hakuna mtu aliniambia ni tamu."